Nani Amkague Mkuu?

"Kwale, unanisikia?"

Vroni Lechthaler alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Hakuinua kichwa. Aligonga kisu mara mbili kwenye ukingo wa sahani.

Anasikia.

"Mzigo uko hapo kijijini," ilisema sauti ndani ya sikio lake la kushoto. "Leo unavuka kigongo cha mlima kwenda Italia. Mnunuzi ni Stael. Na mchukuzi, Kwale, ni mmoja wa hao ulioketi nao mezani."

Kisu kilisimama.

Aliketi na watu watatu, na wote watatu aliwapenda.

Gundi Mair, daktari wa meno, alikuwa analinyemelea yai la mwisho. Rupi Thaler, mwenye shamba la zabibu na tumbo la kulitangaza, alikuwa analilinda. Na pale dirishani, akiwa ameukunjia uso mlima kama mzazi anayekagua daftari la mtoto, alikaa Korbinian Plattner, mwalimu wa fizikia. Tangu shuleni walimwita Mkuu kwa sababu mlimani ndiye aliyeongoza, na haikuwahi kumpitia mtu kichwani kwamba angeweza kuongoza mwingine.

"Shoga, huo mkate umekukosea nini?" Gundi aliuliza. "Unaupaka siagi au unauchoma kisu?"

"Anawaza takwimu zake," Rupi alisema. "Mwanamke amekuja likizo na ofisi kichwani. Mkuu, mwambie aiache Vienna."

"Vroni, iache Vienna," Mkuu alisema bila kugeuka.

Wakacheka. Vroni naye akacheka, maana ndivyo kazi yake ilivyomfundisha kucheka: mahali popote, wakati wowote, hata roho ikiwa juu.

Kwa rafiki zake, Vroni alihesabu ng'ombe na kuku wa Austria katika ofisi ya takwimu. Kwa Idara ya ujasusi, alikuwa Kwale. Chini ya sweta lake la sufu alivaa bastola, Glock 17. Sikioni alikuwa na kipokezi kisichozidi punje ya mtama. Na alfajiri, wote walipokuwa bado wamelala, aliteremka kwenye chumba cha kukaushia viatu vya skii, vya kutelezea thelujini, katika nyumba ya wageni ya Mama Moidl, akachomeka kifungo cha kufuatilia ndani ya soli ya kila kiatu cha kulia, kama Idara ilivyomwamuru bila kumweleza sababu.

Cha Gundi. Cha Rupi. Cha Mkuu.

Kiatu cha Mkuu alikishika na kukirudisha mara mbili kabla ya kukitoboa, na alijichukia kwa hilo.

Kila Februari wanne hao walikuja Sankt Kilian, nyumba ileile, vyumba vilevile. Walianza wakiwa wanafunzi. Mwaka mmoja wa zamani, upande wa kaskazini, maporomoko ya theluji yalimfunika Vroni mzimamzima. Koleo la Mkuu lilivunjika, akamchimba kwa mikono. Kucha mbili za mkono wake wa kulia hazikurudi kuota sawasawa. Vroni alizitazama sasa, zikivunja ganda la yai ambalo Gundi na Rupi walikuwa wanaligombania.

"Mkuu!" walilalamika pamoja.

"Anayeongoza hula," Mkuu alisema.

Mzigo wenyewe ulikuwa chipu, ndogo kuliko kidole gumba. Ilikuwa sampuli ya kwanza ya mtambo wa kuongoza droni bila setilaiti, na ilipotea kiwandani zamani bila kujulikana nani aliichukua. Droni yenye chipu ile haizuiliki wala haipotezwi njia. Stael alikuwa tayari na mteja wa kuirusha juu ya miji ya watu. Lakini lililomnyima Vroni pumzi halikuwa hilo. Watu waliowahi kumuuzia Stael walikuwa wawili. Mmoja aliokotwa mtoni. Wa pili hajaokotwa mpaka leo.

"Stael halipi," bosi wake, Bibi Zangerl, alimwambia sikioni. "Anazika."

Basi hesabu ilikuwa wazi. Mmoja wa hawa watatu akivuka kigongo leo, harudi.

*

Juu, lifti ya mlimani ilipowatema, upepo ulikuwa unaparua.

Kiota, kama Idara ilivyojiita hewani, kilikuwa na hakika ni Rupi. Rupi aliuza mvinyo Italia na mpaka ule aliujua kama jikoni kwake. Vroni alimtazama akihangaika na zipu ya koti lake na kumtukana fundi cherehani wa watu, akajiuliza kama mtu anaweza kuwa msaliti huku zipu imemshinda.

"Wanangu, langoni!" Mkuu aliita.

Langoni ndipo njia iliyoshindiliwa kwa mashine huishia na mlima wenyewe huanza. Hakuna apitaye pale bila kengele. Huku kila mtu huifunga kifuani: kiboksi cha redio kinachotuma mlio kimyakimya siku nzima, ili theluji ikikufunika, wenzako wageuze zao upande wa kutafuta na zikuoneshe ulipo. Asubuhi kiongozi husimama langoni na kengele yake ikitafuta, na kundi hupita mbele yake mmojammoja. Jioni hakuna anayezima mpaka kiongozi aseme.

Mkuu alisimama, kengele mkononi, glovu imefunika kioo.

"Gundi. Safi."

"Usafi wangu unaujua kwa kengele tu?"

"Pita, mama, pita. Rupi. Safi. Nyonya tumbo, linazuia mawimbi."

"Wivu tu."

"Vroni. Safi."

Vroni alipita karibu mno, karibu kuliko inavyohitajika. Kengele inayotafuta ikikaribiwa hulia kama kifaranga aliyepotezwa. Ya Mkuu haikulia. Upepo ulikuwa mkali, lakini si kiasi hicho.

"Na wewe?" aliuliza. "Nani anakukagua?"

Gundi alicheka. "Haya makubwa! Nani amkague Mkuu?"

Kweli, nani? Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumkagua. Yeye ndiye aliyewakagua, yeye ndiye aliyewafundisha. Kumwambia Mkuu apite mbele yao kungekuwa sawa na kumwomba padri athibitishe ubatizo wake.

Mkuu alitabasamu, akairudisha kengele kifuani, akafunga koti hadi kidevuni.

Vroni alijifanya anakaza kifungio cha skii. Chini ya koti, kidole chake kiligeuza kengele yake upande wa kutafuta.

Gundi. Mlio.

Rupi. Mlio.

Mkuu.

Kimya.

Alikuwa ameomba awe Rupi. Ni aibu kuomba hivyo, lakini ndivyo alivyoomba.

Kiboksi cha kengele kina nafasi ya kutosha kuficha chipu, ukitoa vilivyomo. Na huku hakuna polisi wala mtu wa forodha atakayemwambia mtelezaji avue kengele. Ni kama kumwambia avue ngozi.

"Kiota," alinong'ona kwenye kipazasauti cha kola yake. "Ni Mkuu."

Sikioni karatasi zilifunuliwa haraka.

"Plattner? Mwalimu?"

"Ndiyo."

"Helikopta haiwezi kuruka kwa upepo huu. Uko peke yako. Asivuke, Kwale."

*

Walifika kibanda cha wachungaji, ambacho wakati wa baridi hubaki na benchi na jiko tu. Rupi alishatoa chupa ya konyagi ya mizizi.

"Nyie pumzikeni," Mkuu alisema. "Nakwenda kigongoni kuchungulia theluji ya ng'ambo. Nikiiona mbaya, tunarudi."

Ilikuwa desturi yake. Hakuna aliyeshangaa.

"Nenda baba," Rupi alisema. "Sisi tutakuombea kwa glasi."

Vroni alihesabu pumzi chache, akasimama.

"Nimesahau kumwambia kitu."

"Acha kumfuatafuata mwanaume wa watu," Gundi alimtania. "Shuleni ulichelewa, na leo umechelewa."

Vroni alibandika chini ya skii zake ngozi za kupandia, zile tepe za manyoya zinazozuia kuteleza nyuma, akaanza kupanda.

Alipanda kama mtu anayekimbia moto. Mapaja yaliwaka. Saa yake ilionyesha nukta tatu: mbili kibandani, moja ikipanda mbele yake. Upande wa kushoto kulikuwa na mteremko uliolimbikiziwa theluji na upepo, mnene, laini, mzuri wa kuua. Waliuita Shavu la Mtawa. Mkuu mwenyewe aliwakataza kuugusa tangu ujana wao. Halibusiwi hilo, alikuwa akisema.

Kigongoni, ng'ambo kidogo ya jiwe la mpaka, alisimama mtu mwenye koti jeupe.

Stael.

"Korbi!"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu siku aliyomchimba. Mkuu aligeuka.

"Rudi chini, Vroni. Upepo mbaya."

"Kengele yako haiiti."

Mkono wake ulikwenda kifuani wenyewe. Akamtazama kwa muda, akaona lile ambalo miaka ishirini hakuliona.

"Wewe si mtu wa takwimu."

"Sijawahi kuwa."

"Kuku wote wale ulionisimulia?"

"Uongo."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Basi tuko sawa. Mimi nilikuwa mhandisi kabla sijawa mwalimu. Hii ya kifuani niliichora mimi. Walilifuta jina langu, wakanitoa, wakaandika la mtu mwingine. Langu halipo popote. Ndiyo maana hamkunishuku, siyo? Nilichukua kilicho changu, nikakaa nacho kabatini, nikiwafundisha watoto mteremko na msuguano. Nimechoka, Vroni. Nilitaka mtu mmoja duniani akithamini."

"Atakithamini, halafu atakuua. Waliotangulia amewazika."

"Maneno ya ofisini kwenu."

"Korbi, umepanda mlima bila kengele! Wewe!"

Hilo lilimchoma. Aliangalia pembeni.

"Tunabadilishana pale juu. Yeye ananipa kengele nzima, mimi nampa hii. Ni kipande kidogo tu bila kengele."

"Ungebeba mbili."

"Mngeziona mbili. Wewe ungeziona." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nyie hamtazami kama nimevaa. Mnaniamini tu. Unajua inavyochosha?"

"Bwana Plattner!" Stael aliita kutoka juu, kwa upole. "Njoo, tafadhali. Huyo bibi niachie mimi."

Mlimani kwao hakuna bwana wala bibi. Anayevuka mstari wa miti, pale miti inapokoma, huitwa kwa jina lake, awe waziri au mkamua maziwa. Mkuu aliinua kichwa kwa yule mgeni wa adabu, na hapo ndipo alipoiona bastola. Ilikuwa na kizuia sauti, ndefu, nyeusi. Haikumlenga Vroni.

Ilimlenga yeye, kichwani. Kifua Stael hakukilenga. Kifua ndicho alichokuja kukichukua.

"Lala!" Vroni alipiga kelele.

Mkuu hakulala. Aling'oa ngozi za kupandia, na yeye aliyewakataza wote akazielekeza skii zake kushoto, kwenye Shavu la Mtawa.

Risasi ya Stael ilirarua hewa.

Kisha theluji ikakatika.

Mlio wake ulikuwa kama mlango mkubwa unaofungwa chini ya ardhi. Shavu zima lilipasuka, likaanza kushuka polepole, halafu si polepole tena. Vroni aliona kofia nyekundu juu ya wimbi. Akaiona tena.

Hakuiona tena.

Stael alishageuka kukimbilia Italia. Vroni alijitupa chini, Glock mikononi.

Risasi ya kwanza ilipita.

Ya pili ilivunja kifungio cha skii ya kulia.

Skii iliteremka Italia peke yake. Stael alianguka, bastola ikapotelea thelujini, na alipojaribu kusimama alizama hadi kiunoni. Mtu wa miguu kwenye theluji ile haendi popote.

"Kiota, mnunuzi amekwama kigongoni. Waiteni Waitaliano."

"Vizuri sana, Kwale. Na mzigo?"

"Chini ya theluji. Pamoja na mtu."

"Basi hauvuki. Kazi imekwisha." Bibi Zangerl alisita. "Usiteremke huko. Mabaki ya juu yanaweza kukatika wakati wowote. Hiyo ni amri."

Vroni alichomoa kipokezi sikioni, akakitupa.

*

Chini ya theluji mtu ana muda wa kuchemsha sufuria ya viazi, si zaidi.

Gundi na Rupi walikuwa wameona. Walifika juu ya mabonge yale wakihema, kengele mikononi zikitafuta, wakikimbia huku na huku kama Mkuu alivyowafundisha.

"Sisikii kitu!" Gundi alilia. "Vroni, sisikii kitu! Yangu imekufa?"

"Na yangu haisikii!" Rupi aliipiga kengele yake kwa kiganja. "Mkuu! Mkuu wee!"

Vroni hakutafuta. Alitazama saa. Nukta mbili zilikuwa zinahangaika. Moja haikusogea.

Alikwenda moja kwa moja, akachomeka fimbo ndefu ya kupimia. Ikazama. Akachomeka tena. Ikagonga kitu laini.

"Chimbeni hapa."

"Umejuaje?"

"Chimba, Gundi!"

Walichimba. Rupi alichimba akilia waziwazi, kamasi zikiganda kwenye masharubu. Vroni alichimba bila kusema, na ndani yake kulikuwa na neno moja tu, asife, asife, asife. Alitokea bega kwanza, halafu kofia, halafu uso wa bluu. Gundi alimtia vidole kinywani, akatoa theluji, akampulizia.

Mara ya kwanza, kimya.

Mara ya pili, Mkuu akakohoa.

Rupi alikaa chini palepale kama gunia. Gundi alifungua koti la Mkuu ampe nafasi ya kupumua, mkono wake ukakuta kengele. Aliishika. Aliipima kiganjani. Mtu aliyevaa kengele maisha yake yote anajua uzito wake.

"Nyepesi," alisema. "Vroni, hii ni tupu?"

Vroni aliipokea, akaitia mfukoni, akafunga zipu.

"Umejuaje alipo?" Gundi aliuliza tena, taratibu safari hii. "Kama haiiti, umejuaje?"

"Kuna kifungo kwenye soli ya kiatu chake."

"Nani alikiweka?"

"Mimi."

Gundi alitazama kiatu chake mwenyewe. Kisha akamtazama rafiki yake.

"Na changu?"

Vroni angeweza kudanganya. Ndiyo kazi yake, na aliiweza kuliko wengi.

"Na chako. Na cha Rupi."

"Tangu lini?"

"Leo alfajiri."

"Ulikuja kula mkate na sisi," Gundi alisema, "umeshaweka." Hakupandisha sauti. Vroni alitamani angepandisha. Gundi alimgeuzia mgongo, akavua sweta lake na kumfunika nalo Mkuu.

*

Upepo ulipungua mchana, helikopta ikaja. Walishuka watu wa uokoaji wawili na askari wawili. Ng'ambo, Waitaliano walikuwa wameshamchomoa Stael thelujini kama karoti. Askari mmoja alimpigia Vroni saluti, na hapo Rupi akakaza koti lake na kutazama mbali.

Walimfunga Mkuu kwenye machela. Pingu zilikuwa chini ya blanketi, kwa heshima ya Vroni. Alipopitishwa karibu naye, Mkuu aliomba wasimame.

"Nilikuchimba kwa mikono," alisema. Sauti ilikuwa kama ya mzee.

"Najua."

"Na leo umenichimba wewe. Niambie, ulichimba mimi au ulichimba chipu?"

"Chipu waliniambia niiache."

Mkuu alifumba macho. Chozi lilimtoka, likaganda kabla ya kufika sikioni.

"Ungenikagua langoni," alinong'ona. "Ungeniambia nivue pale, mbele yao. Ningevua, Vroni. Nadhani ningevua."

Kwamba Vroni alikuwa amesimama pale langoni, anajua, na akanyamaza ili ahakikishe, atakaa nalo. Ndivyo alivyofunzwa, lakini halikumfariji hata kidogo.

Machela iliinuliwa. Mlangoni mwa helikopta Mkuu aligeuza kichwa, akawatafuta wote watatu kwa macho, kama afanyavyo kila jioni wakifika chini salama. Hakuna aliyekuwa amekumbuka. Kengele bado zilikuwa kifuani, zimerudishwa upande wa kuita.

"Zimeni, wanangu," alisema. "Tumefika."

Rupi aliingiza mkono ndani ya koti, akazima. Gundi akazima.

Helikopta iliondoka, ikawarushia theluji machoni. Ilipotulia, Gundi na Rupi walishashika njia ya kibandani, bega kwa bega, bila kutazama nyuma.

Vroni alifuta miwani. Akakaza vifungio. Simu ililia mfukoni: Bibi Zangerl.

"Kwale. Mzigo?"

"Ninao."

"Uko sawa?"

"Nateremka."

Alikata. Akashuka peke yake kwa mizunguko mirefu safi, magoti pamoja, vile Mkuu alivyomfundisha. Watu waliokuwa kwenye lifti walimtazama kwa husuda.

Kengele yake hakuizima. Iliendelea kuita mpaka kijijini, na ilikuwa ikiita bado alipoingia kwa Mama Moidl kuchukua mizigo yake, na mezani sahani nne zilikuwa zimepangwa.